Panda Tuta Moja, Ujitunze Nawe

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji safi. Leo tutazungumza juu ya bustani ya mboga. Si shamba kubwa la mboga za kuuza mjini. Ni bustani ndogo ya nyumbani, nyuma ya jiko.

Tutazungumza pia juu ya mtu mmoja ambaye husahauliwa katika nyumba nyingi. Mtu huyo huchota maji, hupika, hulima, huuguza wagonjwa na kulea watoto. Wote wakishakula, yeye hukwangua chungu. Labda mtu huyo ni wewe unayesoma. Labda ni mke wako, au mama yako, au dada yako.

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho kuna maswali ya kuzungumza pamoja.

HABARI ZANGU MWENYEWE

Nitakueleza habari zangu. Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alipata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa ganzi. Tukamleta nyumbani kwetu nimuuguze. Mimi nina mume na watoto wanne.

Niliamka kabla ya jogoo. Nilichota maji, nikamwogesha mama, nikamlisha uji. Kisha nilikwenda shambani. Jioni nilipika ugali na mboga. Nilimpakulia mama, nikampakulia mume wangu, nikawapakulia watoto. Mimi nilikula ugali na mchuzi uliobaki. Siku nyingine mchuzi haukubaki. Nilikula ugali kwa chumvi, nikanywa chai, nikalala.

Sikumlalamikia mtu. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya mama wa nyumba.

Baada ya miezi kadhaa nilianza kuona kizunguzungu. Nikipanda kilima na ndoo kichwani, moyo ulinienda mbio. Nilikasirika upesi. Nilimpiga mtoto kwa kosa dogo, kisha nikalia peke yangu jikoni. Usiku usingizi haukuja.

Siku moja nilianguka njiani. Ndoo ikapasuka. Jirani akanipeleka zahanati. Nesi alitazama ndani ya kope zangu na viganja vyangu. Vilikuwa vyeupe. Akanitoboa kidole, akapima damu. Akasema, "Mama, damu yako ni kidogo sana." Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Kisha akaniuliza, "Wewe mboga unakula lini?"

Nikamjibu, "Nakula inayobaki."

Akauliza tena, "Na hubaki?"

Nikanyamaza. Nesi akasema, "Unamwuguza mama yako vizuri. Lakini ukianguka wewe, nani atamwuguza? Kujitunza si uvivu, wala si uchoyo. Nenda kapande mboga nyuma ya jiko lako. Na katika mboga hizo, na wewe ule."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na kazi nyingi, naye ananiongezea nyingine! Lakini nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameogopa sana. Kesho yake alichukua jembe, akalima tuta moja. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

ANZA NA TUTA MOJA

Ndugu msomaji, kosa la watu wengi ni kuanza na bustani kubwa. Bustani kubwa inataka maji mengi na palizi nyingi. Mtu aliyechoka huongezewa mzigo. Baada ya mwezi majani huota na bustani hufa. Anza na tuta moja. Likikupendeza, ongeza la pili.

Chagua mahali karibu na jiko. Mahali hapo papate jua. Pasiwe karibu na choo. Zungushia miiba au mabua ili kuku na mbuzi wasiingie.

Tuta liwe na upana wa mita 1, yaani hatua moja kubwa. Kwa upana huo, mkono wako utafika katikati bila kukanyaga udongo. Urefu uwe mita 3 hivi. Lima mpaka udongo uwe laini. Kama unaishi mahali penye mvua nyingi, inua tuta juu ili maji yasituame. Kama ni mahali pakavu, fanya tuta la kuzama, chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni. Tuta la kuzama hukusanya maji na kuyahifadhi.

Changanya udongo na samadi iliyoiva. Samadi iliyoiva ni nyeusi, imepoa, na haina harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kama huna ng'ombe wala mbuzi, tengeneza mboji. Kusanya majani, maganda ya ndizi, majivu kidogo na takataka za jikoni. Zirundike kivulini na uzimwagie maji. Zigeuze mara kwa mara mpaka ziwe kama udongo mweusi.

MBOGA ZA KUANZIA

Panda mboga ambazo watu wa kwenu wanazipenda na wanajua kuzipika. Hizi nne ni rahisi.

Mchicha. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, kisha zimwage katika mifereji myembamba. Zifunike kwa udongo kidogo tu. Baada ya wiki 3 au 4 utaanza kuchuma. Usiung'oe wote. Kata juu, uache shina na majani machache. Shina litachipua tena.

Matembele. Huhitaji kununua mbegu. Omba kwa jirani vipande vya mashina ya viazi vitamu, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Fukia sehemu kubwa ya kipande, uache ncha nje. Maji ya kunawia mikono yanatosha kuyakuza.

Kunde. Majani yake machanga ni mboga, na mbegu zake ni chakula. Tena kunde hurutubisha udongo.

Sukuma wiki. Otesha miche kwanza mahali padogo. Miche ikipata majani manne au matano, ihamishe jioni wakati jua limepoa. Chuma majani ya chini, uache ya juu. Mche mmoja utakupa mboga kwa miezi mingi.

Pembeni ya tuta panda mpapai mmoja na mlimao au mndimu. Sababu yake nitakueleza hapa chini.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Maji ya kuoshea mboga na mchele usiyamwage ovyo, yapeleke bustanini. Yamwage chini kwenye shina, si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi yaache. Funika udongo kwa nyasi kavu ili usikauke upesi.

Wadudu wakija, usitumie kabisa dawa ya pamba. Hiyo ni sumu, na mboga utazila baada ya siku chache. Wadudu wakubwa watoe kwa mkono. Vidukari wanyunyizie majivu. Unaweza pia kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka kwenye maji usiku kucha, kuyachuja na kunyunyiza maji hayo. Kabla ya kupika, osha mboga vizuri kwa maji safi.

KAMA HUNA KIWANJA, AU HUWEZI KUINAMA

Labda utasema, "Mimi sina kiwanja." Katika mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, nyumba zimebanana sana. Hata hivyo watu wengi wa huko hupanda sukuma wiki katika magunia. Nawe unaweza. Chukua gunia, ulisimamishe karibu na mlango. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, ulisimamishe katikati ya gunia. Jaza kopo mawe madogo. Kando ya kopo jaza udongo uliochanganywa na samadi. Vuta kopo juu, ulijaze mawe tena, na uongeze udongo kando. Endelea hivyo mpaka juu. Nguzo ya mawe hupeleka maji mpaka chini. Kisha toboa matundu ubavuni mwa gunia, upande mche mmoja katika kila tundu.

Labda utasema, "Mimi ni mzee, mgongo unauma." Sikiliza habari za Lesotho. Hiyo ni nchi ya milima, kusini mwa Afrika. Huko watu hujenga bustani ya mviringo kwa mawe, mpaka karibu na kiuno. Upande mmoja huacha njia nyembamba ya kuingia katikati. Ukiitazama kutoka juu, inafanana na tundu la ufunguo. Katikati huweka kikapu cha kutia takataka za jikoni na maji. Bustani hizi zimewasaidia wazee na wagonjwa, hata wagonjwa wa UKIMWI, kwa sababu mtu hulima amesimama. Hahitaji kuinama wala kubeba maji mengi. Basi hata mgonjwa anaweza kujitafutia mboga yake.

MBOGA HUFANYA NINI MWILINI?

Wazee wetu hapa Tanzania wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kuzungumza. Kisha walifanya kazi pamoja kijijini. Mafundisho yale hayajazeeka.

Ugali na wali huupa mwili nguvu ya kufanya kazi. Maharage, dagaa, mayai na nyama hujenga mwili. Mboga na matunda huulinda mwili. Mtu anataka vyote vitatu.

Mboga za majani ya kijani kibichi zina vitamini A. Vitamini hii hulinda macho na kuusaidia mwili kushindana na magonjwa. Mtu asiyeipata huanza kushindwa kuona wakati wa magharibi. Mapapai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinayo pia. Tia mafuta kidogo au karanga katika mboga. Mafuta huusaidia mwili kuchukua vitamini A.

Mboga za majani zina pia madini ya chuma. Mwili hutumia madini hayo kutengeneza damu. Lakini chuma cha majani hakiingii mwilini kwa urahisi. Hapa ndipo ndimu inapofanya kazi. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula papai baada ya chakula. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kisiingie mwilini. Ngoja saa moja au zaidi. Mimi nilikuwa nakula ugali kwa chai kila usiku. Sikujua kwamba najipunguzia damu.

Usipike mboga kwa muda mrefu, wala usimwage maji yake. Lakini kisamvu ni tofauti. Kisamvu kibichi kina sumu. Kitwange vizuri, kisha kichemshe kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, mpaka kiive kabisa.

Sikiliza neno hili pia. Mboga peke yake haziponyi upungufu mkubwa wa damu. Mimi nilimeza vidonge vyote nilivyopewa, na nilirudi zahanati kupimwa. Nilianza pia kula dagaa na maharage mara kwa mara. Malaria na minyoo hupunguza damu pia. Mama mjamzito asikae nyumbani akingoja mchicha uote. Aende kliniki mapema.

PAKUA SAHANI YAKO

Baada ya wiki 4 tulichuma mchicha wa kwanza. Nilipika chungu kizima. Nikaanza kupakua kama zamani: mama, mume, watoto. Mume wangu akanishika mkono. Akasema, "Na sahani yako iko wapi?"

Nikaleta sahani yangu. Tangu siku hiyo napakua sahani zote pamoja, na yangu ikiwamo, kabla ya mtu kuanza kula. Jambo hili ni dogo, lakini kwangu lilikuwa gumu kuliko kulima tuta. Niliona haya. Nilidhani watoto wataniona mchoyo. Hawakuona hivyo. Binti yangu mkubwa aliona, na sasa naye anafanya hivyo.

Mboga zilipozidi, jirani mmoja alinishauri niuze zote gulioni. Fedha ni nzuri, na chumvi hununuliwa kwa fedha. Lakini tulikubaliana nyumbani: kwanza chungu chetu, kisha jirani mgonjwa, kisha soko. Ukiuza mchicha wote ukanunua soda, umeuza damu yako.

BUSTANI NA MOYO

Sasa nitakueleza jambo ambalo sikulitazamia. Nilipanda bustani kwa ajili ya damu. Lakini ilinisaidia moyo pia.

Kila asubuhi, kabla ya watu kuamka, nilikwenda kwenye tuta na kopo la maji. Nilikaa hapo kwa muda mfupi tu. Nilitoa magugu mawili matatu. Nilitazama jani lililochipua usiku. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeumwa hapo. Nikirudi ndani, sauti yangu ilikuwa imetulia. Watoto walikuwa wa kwanza kuona. Mmoja alisema, "Mama siku hizi hapigi kelele."

Mama yangu alikuwa mkulima maisha yake yote. Ugonjwa ulimkalisha kitandani, akakata tamaa. Alikuwa hasemi ila kuomba maji. Siku moja tulimtoa nje, tukamketisha kwenye mkeka chini ya mti, karibu na tuta. Nilimwekea matembele mapajani. Alianza kuyachambua kwa mkono wa kushoto, jani moja moja. Alichukua saa nzima kuchambua fungu moja. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa kichwa.

Jioni, tulipokula, alisema taratibu, "Mwanangu, leo nimefanya kazi."

Kuanzia siku hiyo alitaka kutoka nje kila siku. Hakupona. Mguu wake haukurudi. Lakini alikuwa na kazi yake, na sisi tulikula kazi ya mikono yake mpaka mwisho. Alifariki kabla ya masika kuanza.

Baada ya matanga watu walirudi kwao. Nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi ya kwanza sikutaka kuamka. Kisha nikakumbuka kwamba matembele hayajamwagiliwa maji kwa siku nyingi. Nikaamka, nikachukua kopo. Nililia huku nikimwagilia. Siku ya pili nililia tena. Siku zilivyokwenda, nililia kidogo zaidi. Kuna kazi inayomchosha mtu, na kuna kazi inayomshika mkono.

Lakini bustani si dawa ya kila huzuni. Kama hupati usingizi kwa wiki nyingi, kama hutaki kula, au kama unafikiri afadhali kufa, usinyamaze. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo. Nenda zahanati ukawaeleze. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao una matibabu.

NENO KWA BABA WA NYUMBA

Ndugu baba, usifunge gazeti ukisema haya ni mambo ya wanawake. Nani atazungushia bustani ua? Nani atabeba maji kwa baiskeli? Mume wangu alilima tuta la kwanza, na kila Jumamosi alileta madumu mawili ya maji. Kama angeniachia kazi zote, bustani ingekuwa mzigo mwingine kichwani mwangu. Nawe pia una mwili na una moyo. Jioni, badala ya kukaa na mawazo, njoo uchume nyanya na mtoto wako.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Tunajua sana kuchumia juani. Tujifunze na kukaa kivulini, tule.

FANYA HIVI MWEZI HUU

1. Chagua mahali pa tuta moja, au tafuta gunia moja.
2. Tafuta samadi iliyoiva, au anza kurundika mboji.
3. Omba mbegu au vipande vya matembele kwa jirani. Bwana shamba au bibi shamba akipita, mwulize mboga zinazofaa kwenu.
4. Kila siku kaa bustanini kidogo, peke yako, bila haraka.
5. Pakua sahani yako pamoja na za wengine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Nyumbani kwenu, nani hula mwisho? Hupata mboga?
2. Kwa nini ni vizuri kuanza na tuta moja tu?
3. Ndimu ina kazi gani katika chakula? Na chai je?
4. Kuna mgonjwa au mzee kijijini kwenu ambaye angeweza kufanya kazi ndogo ya bustani akiwa ameketi au amesimama? Kikundi chenu kitamsaidiaje?
5. Baba wa nyumba anaweza kufanya kazi gani katika bustani ya nyumbani?

Ndugu msomaji, mwezi ujao tutajifunza kukausha mboga kivulini kwa ajili ya kiangazi. Basi panda sasa, ili wakati huo uwe na mboga za kukausha. Wasalimie wa nyumbani. Na jioni hii, usisahau sahani yako.